Wasomaji Wauliza: Darasa la kilimo biashara la kina mama, tulipanue vipi?

Barua nyingi za safari hii zimehusu jambo moja: madarasa ya kilimo biashara ya wanawake yaliyoanza na kikundi kimoja, na sasa vijiji jirani navyo vinayataka. Tumechagua chache. Nyingine tumezijibu kwa kirefu, nyingine kwa ufupi, kadiri swali lilivyohitaji. Bei zote zilizomo kwenye mahesabu ni za mfano tu. Weka za kwenu.

Vijiji sita vinatuomba. Tuanze vyote?

*Shikamooni wataalamu. Sisi ni kikundi cha wanawake 28 wilayani Kongwa. Msimu uliopita bibi shamba alitufundisha hesabu za shamba, na mahindi yetu tukayauza kwa pamoja. Sasa vijiji sita vinataka tukawafundishe. Diwani anasema tusibague, tuanze vyote mwaka huu. Tuna kina mama watatu wanaoweza kusimama mbele ya watu. Mnatushauri nini?* – Katibu wa kikundi, Kongwa

Marahaba. Anzeni viwili, na Diwani aelezwe sababu kwa hesabu, si kwa maneno ya kumpoza.

Kuandikisha watu mwezi wa tisa ni kazi rahisi. Kama darasa la namna hii limefaa au la, hujulikana Juni na Julai, wakati mahindi yako uwanjani, ada za shule zinadaiwa na mchuuzi kasimama mlangoni na fedha taslimu. Wiki hizo ndizo mwanafunzi anazomhitaji mwezeshaji: amkumbushe gharama yake kwa kilo, wapime pamoja, wapige simu soko la mahindi la Kibaigwa kuuliza bei ya siku. Vikundi vyote vya wilaya moja huvuna wiki zilezile, kwa hiyo mwezeshaji mmoja hawezi kuhudumia zaidi ya viwili. Akipewa vinne, viwili vitauza peke yao, tena kwa bei ya mchuuzi, kisha vitatangaza kijiji kizima kwamba masomo hayana faida. Kijiji kilichokatishwa tamaa hivyo ni kigumu kukirudia kuliko kile ambacho hamjakifikia kabisa.

Kina mama wenu watatu wasianze kila mmoja na kijiji chake. Msimu wa kwanza wawili washike vijiji viwili, kila mmoja kimoja, na wa tatu azunguke kote kukagua madaftari. Msimu wa pili kila mmoja atashika viwili, nanyi mtakuwa mmefika sita. Huko vijijini nako, kuanzia katikati ya msimu, teueni mwanamke mmoja kila kikundi afundishe kipindi kimoja au viwili huku mwezeshaji wenu amekaa pembeni anasikiliza. Huyo ndiye mwezeshaji wenu wa mwaka wa tatu.

Katika kumteua, msitazame cheti. Binti aliyemaliza kidato cha nne huandika vizuri, ila akipata kazi Dodoma mjini ataondoka, na hakuna wa kumlaumu. Tazameni daftari: nani amelijaza msimu mzima bila kurukaruka, na anaweza kueleza mbele ya wenzake kwa nini gunia lake limemgharimu kiasi hicho? Huyo anatosha, hata kama mwandiko wake unasomeka kwa shida.

Ratiba nayo ifuate mvua. Kwa Kongwa, vipindi 12 vya saa mbili vinatosha, lakini visipangwe kila wiki mfululizo kama shule. Viwili Septemba, vya soko: nani ananunua nini, lini, kwa kipimo gani. Vitatu Oktoba, vya hesabu na mpango wa shamba. Kimoja Novemba, cha mtaji na pembejeo. Kati ya Desemba na Machi kusiwe na darasa la kukaa. Badala yake fanyeni ukaguzi wa madaftari mara mbili, hukohuko shambani, nao uhesabiwe kama vipindi viwili. Viwili Aprili na Mei, vya kukadiria mavuno, kukausha na kujikinga na sumukuvu. Kimoja wakati wa mauzo, kwenye mzani. Cha mwisho Agosti, cha kufunga hesabu. Vikundi vingi huwa havifiki hiki cha mwisho, kwa kuwa fedha zimeshapatikana na watu wametawanyika. Bila hicho mwanafunzi haambiwi na daftari lake mwenyewe kama alipata au alipoteza, na msimu ujao atalima kwa mazoea.

Hesabu kwa wasiojua kusoma

*Nusu ya wanafunzi wangu hawajui kusoma wala kuandika. Nikiandika ubaoni wanaitikia "ndiyo, mwalimu", lakini nikiuliza gunia limewagharimu shilingi ngapi kila mtu anataja bei aliyouzia. Nifanyeje?* – Mwezeshaji, Gairo

Mwalimu, kuitikia si kuelewa, na ubao ndio unaowapoteza. Tumia kokoto. Kokoto moja iwe shilingi 10,000.

Chukua ekari moja ya mahindi. Kukodi shamba 50,000. Trekta 50,000. Mbegu kilo 8, yaani mifuko minne ya kilo mbili kwa 14,000, ni 56,000. Mbolea mfuko mmoja wa kupandia na mmoja wa kukuzia, 140,000. Palizi mara mbili 80,000. Dawa ya viwavijeshi 24,000. Kuvuna na kubeba 50,000. Kupukuchua magunia 10 kwa 2,000, ni 20,000. Viroba 10,000. Jumla 480,000, yaani kokoto 48. Kila gharama ikitajwa, mwanafunzi mmoja aende mbele aweke kokoto zake kwenye beseni. Zile zisizofika elfu kumi kamili waziunganishe na gharama nyingine hadi zitimie.

Sasa panga mistari kumi chini, kila mstari ni gunia la kilo 100, na mzigawe kokoto zote. Kila gunia litapata nne, na zitabaki nane. Nane hizo zivunjwe kwa punje za mahindi, kumi kwa kila kokoto, halafu zigawiwe: punje nane kila gunia. Gunia moja limegharimu 48,000, kwa hiyo kilo ni shilingi 480. Hapo hata asiyejua herufi moja ameona.

Kisha uliza: tukiuza kwa 550 kwa kilo, tumepata nini? Darasa litapasuka kwa mabishano, na yaache yaendelee, maana wengi hawakuwa wakihesabu shamba lao wenyewe wala palizi waliyopalilia kwa mikono yao. Bila hizo mbili gharama inashuka hadi 350,000, na mama anaona faida ya 200,000 kwa ekari. Ukweli ni kwamba katika laki mbili hizo, 80,000 ni ujira wake wa palizi, 50,000 ni kodi ya shamba lake, na faida ya biashara ni 70,000. Zote ni zake, lakini zitenganishwe. Mwaka atakapougua na kulazimika kuweka vibarua, 80,000 zitatoka mfukoni. Akijua hilo mapema, hataahidi fedha hiyo kwa mtu.

Hesabu mbili zaidi zifuate siku hiyohiyo, kabla kokoto hazijakusanywa. Ya kwanza ni lumbesa. Gunia linalouzwa kwa 55,000 likiwa limeshindiliwa kilo 120, kilo imeuzwa kwa 458. Gharama ilikuwa 480. Mama amelima, amepalilia, amevuna, na kila kilo amemwongezea mnunuzi shilingi 22 za kwake. Lumbesa imepigwa marufuku, lakini tunaona hesabu hii inawaamsha kina mama kuliko tangazo la marufuku lenyewe. Ya pili ni mavuno. Ekari ikitoa magunia sita badala ya kumi, gharama haishuki sana. Inaokolewa ya kupukuchua na viroba tu, 12,000. Zinabaki 468,000 kwa kilo 600, yaani 780 kwa kilo. Hakuna bei ya Juni itakayoziba pengo hilo. Kwa hiyo anayefundisha biashara tu, akaacha nafasi za mashimo, muda wa kupanda na palizi ya kwanza inayochelewa, anafundisha nusu.

Nyumbani, daftari la picha linatosha: safu ya jembe, ya mfuko wa mbolea, ya mtu aliyebeba mzigo, na chini yake vijiti, kila kijiti shilingi 1,000. Mtoto wa darasa la nne anaweza kujumlisha jioni.

Mahudhurio yanaporomoka

*Tulianza na wanawake 40, kipindi cha nne wamebaki 13. Wengine wanauliza posho. Tulipe?* – Afisa Maendeleo ya Jamii wa kata, mkoa wa Singida

Arobaini walikuwa wengi mno tangu mwanzo. Darasa la kokoto, ambalo kila mtu lazima aguse na abishe, haliwezi kuzidi 25.

Kuhusu posho, hapana. Ukilipa, siku fedha ya mradi itakapokwisha darasa limekwisha, na hata kabla ya hapo utakuwa na wanaokuja kusaini. Sisi tungependekeza kinyume chake: kila mwanamke achangie 10,000 kwa msimu, kidogokidogo. Watu 25 ni 250,000. Nauli ya mwezeshaji kwa vipindi 12 kwa 10,000 ni 120,000. Madaftari 25 kwa 2,500 ni 62,500. Akiba ya kununua mzani 40,000. Zinabaki 27,500 za kalamu, nakala na vocha ya kuulizia bei. Atakayeshindwa kabisa achangie kwa debe baada ya mavuno. Anayechangia huuliza maswali makali, nayo yanamfaa mwezeshaji.

Kabla ya yote, hata hivyo, kagua saa. Darasa la saa nne asubuhi ni la wanaume na la wanawake wasio na shamba. Jaribu saa tisa hadi saa kumi na moja jioni, karibu na kisima au mashine ya kusaga, mahali wanapokwenda hata hivyo. Epuka siku ya mnada. Mwezi wa Ramadhani sogeza mapema, watu wawahi kupika futari. Weka mtu wa kushika watoto, alipwe kutoka mchango. Mama mwenye mtoto mgongoni hukaa karibu na mlango, na aliyekaa mlangoni ndiye wa kwanza kuacha.

"Mke wangu ameanza kuficha hela"

*Tangu mke wangu aanze hayo masomo yenu ana daftari ambalo hataki nilione. Kahawa ni yangu, kwenye AMCOS, chama chetu cha ushirika wa mazao, nimesajiliwa mimi. Hamuoni mnavunja nyumba?* – Msomaji wa kiume, Mbozi

Ndugu msomaji, swali lako ni la haki na linawahusu wanaoendesha madarasa zaidi kuliko wewe. Darasa linalomfundisha mke peke yake hesabu za shamba ambalo fedha yake inapita kwa mume limefanya kazi nusu, na ugomvi wa nyumbani ni matokeo ya kutarajiwa. Katika vipindi 12, viwili wanaume waitwe: cha mpango wa shamba na cha kufunga hesabu. Waje wote wawili, kila mmoja aandike kando saa zake za kazi kwenye kahawa, kuanzia kupogoa hadi kuchuma na kuanika. Wakilinganisha karatasi zao hakuna haja ya mhadhara.

Mwombe mkeo mkae na daftari hilo siku moja. Huenda utakuta gharama ambazo hukuwahi kuzijua: chumvi, sabuni, chakula cha vibarua. Yeye naye aone makato ya AMCOS kwenye stakabadhi yako.

Kwa wawezeshaji tunaongeza mambo matatu. Uanachama wa ushirika ni wa mtu, si wa kaya. Someni masharti ya AMCOS yenu, mwanamke mwenye sehemu yake ya shamba aombe uanachama kwa jina lake. Pili, laini ya simu. Mara nyingi mnunuzi hulipa kwa simu, na laini anayotumia mama imesajiliwa kwa kitambulisho cha mume au cha kaka. Kwenye kumbukumbu za kampuni ya simu, fedha hiyo iko kwa jina la mwenye laini hata kama simu iko mkononi mwake. Mwenye namba ya NIDA asajili laini yake kwa alama ya vidole kabla ya mauzo. Tatu, ardhi. Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya 1999 inampa mwanamke haki ya kupata, kumiliki na kutumia ardhi sawa na mwanamume, na hati ya hakimiliki ya kimila inaweza kuandikwa majina ya wote wawili. Kijiji kikianza kupima, mama awepo siku ya kuhakiki mipaka na ajionee jina lake likiandikwa kwenye fomu. Akingoja kuarifiwa nyumbani, atakuta hati imeshatoka kwa jina moja.

Mkopo wa halmashauri: kabla au baada ya masomo?

*Kikundi chetu cha wanawake 10 kimeambiwa kinaweza kupata mkopo wa asilimia kumi. Tumalize kwanza masomo au tuombe sasa?* – Mwenyekiti, Kilosa

Fedha hiyo ni asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri: nne kwa wanawake, nne kwa vijana, mbili kwa watu wenye ulemavu, na haina riba. Ilisitishwa 2023 ikarejeshwa 2024. Fomu na usajili wa kikundi vinapitia kwa Afisa Maendeleo ya Jamii.

Ombeni baada ya kipindi cha hesabu, si kabla. Andiko la mradi litauliza mauzo, gharama na marejesho. Kikundi kisicho na hesabu zake huandikiwa na mtu wa stesheneri, kwa takwimu alizozitoa kwenye andiko la kikundi kingine. Kosa la kawaida tunaloliona kwenye maandiko ya kilimo ni marejesho ya kila mwezi kuanzia mwezi wa pili, wakati mahindi bado yako magotini. Ombeni muda wa nafuu, yaani wa kutolipa marejesho, unaofika mavuno, na kama hamuwezi kuupata, chukueni mkopo mdogo kwa shughuli inayozunguka haraka, kama kuku wa mayai au kukamua alizeti, siyo kwa mahindi.

Kama mna VICOBA, yaani kikundi cha kuweka na kukopa, angalieni mgawo wa akiba zenu unaanguka lini. Vikundi vingi hugawana Desemba kwa ajili ya sikukuu, wakati mbegu na mbolea zilitakiwa Novemba. Kusogeza mgawo hadi mwishoni mwa Oktoba hakugharimu kitu, na pengine mkopo wenyewe hamtauhitaji.

Na tafadhali, darasa lisitangazwe kama njia ya kupata mkopo. Litajaa wiki moja na kuwa tupu siku fedha zikitoka.

Kulima kile kinachouzika

*Chama chetu cha akina mama huku Kirinyaga tunakuza nyanya. Tukivuna, kila mtu amevuna, broka anatupa bei ya kutupa. Tunataka kuanzisha mafunzo ya soko. Tuanzie wapi?* – Mwekahazina wa chama, Kenya

Mko kwenye nchi iliyoanzisha mbinu inayowafaa. Mwaka 2006 Wizara ya Kilimo ya Kenya na shirika la Japani la JICA walianza mradi wa SHEP kwa wakulima wadogo wa mboga na matunda, na wazo lake kuu lilikuwa mkulima aende sokoni mwenyewe kabla ya kuchagua mmea, na wanaokwenda wawe wanaume na wanawake. Mbinu hiyo imeenea hadi nchi nyingine za Afrika. Huku Tanzania maafisa ugani huifupisha hivi: anzia sokoni, malizia shambani.

Tumeni watu wanne, angalau wawili wao wanawake, kwenye masoko mawili tofauti, siku ambayo si ya kuuza. Waulize wanunuzi watatu au wanne kila soko: aina gani ya nyanya, ukubwa gani, imeiva kiasi gani, kreti au sanduku la mbao linabeba kilo ngapi, mnahitaji ngapi kwa wiki, mnazikataa kwa sababu gani, mnalipa lini, na miezi gani huwa zinaadimika. Swali la sababu za kukataa ndilo lenye faida kubwa, na ndilo linalosahauliwa. Majibu yasomwe mbele ya chama kizima, kisha wanachama wapige kura.

Baada ya hapo hesabuni siku kurudi nyuma. Kitaluni siku 25 hadi 30, kutoka kupandikiza hadi mchumo wa kwanza siku 75 hadi 90 kwa aina nyingi. Mkitaka kuanza kuchuma katikati ya Aprili, pandikizeni katikati ya Januari, na mbegu iingie kitaluni katikati ya Desemba. Lakini jihadharini: nyanya za msimu wa mvua nyingi huwa na bei kwa sababu ugonjwa wa ukungu uitwao bakajani chelewa umeua za wengine. Dawa za ukungu zitaongezeka, pengine kila wiki, na zinapaswa kuingia kwenye hesabu ya gharama kabla ya kura. Gawaneni makundi mawili au matatu yanayopishana wiki tatu, ili kreti zenu zisifike sokoni siku moja. Broka hatatoweka, lakini atakuta chama kinachojua bei.

Mtaala wa Marekani

*Niko Iowa, na huku kuna kozi ya wanawake wakulima iitwayo Annie's Project. Naweza kuitafsiri nikaipeleka kwa dada zangu Njombe?* – Msomaji, Marekani

Umbo lake chukua. Kilichomo kiandike upya. Annie's Project ilianzishwa na Ruth Hambleton huko Illinois mwaka 2003, kwa heshima ya mama yake aliyeolewa na mkulima na kujifunza biashara ya shamba maisha yake yote. Kwa kawaida ni saa 18: jioni sita za saa tatu tatu, zikigusa hatari za aina tano, yaani uzalishaji, soko, fedha, watu na sheria. Aina tano hizo zinafaa Njombe bila kubadili neno, na nguvu yake nyingine ni wanawake kujifunza wakiwa wao kwa wao, wakiuliza wasichouliza mbele ya waume. Visivyohamishika ni bima ya mazao, kodi na masoko ya mikataba ya baadaye, yaani ya kupanga leo bei ya mazao yatakayokabidhiwa baadaye. Mahali pake weka viazi: gharama ya mbegu bora, bei ya gunia la lumbesa, barabara ya Machi. Jioni sita mfululizo nazo usizihamishe; tumeshaeleza kwa nini ratiba ifuate msimu.

Kuhifadhi mahindi hadi bei ipande

*Tuliambiwa tuhifadhi kwenye mifuko ya kinga njaa. Ya mwenzetu yameoza. Shida ni mfuko?* – Mwanakikundi, Kiteto

Mara nyingi shida ni unyevu. Mfuko huo hauingizi hewa. Wadudu hufa kwa kukosa hewa, lakini mahindi mabichi nayo huvunda humo kwa sababu unyevu hauna pa kutokea. Kausheni hadi asilimia 13.5 au chini, juu ya turubai, kamwe si juu ya udongo mtupu, maana huko ndiko kuvu ya sumu inakookotwa. Kama hamna kipima unyevu, chukueni chupa kavu ya kioo, tieni mahindi robo tatu ya kikombe na kijiko cha chumvi kavu, tikiseni, acheni dakika 15. Chumvi ikinata ukutani, bado mahindi ni mabichi, rudisheni juani. Isiponata, unyevu umeshuka chini ya asilimia 15. Anikeni siku moja au mbili zaidi kabla ya kufunga.

Mifuko miwili ya plastiki ya ndani kila mmoja ujazwe hewa kwanza na kusikilizwa kama unavuja. Ikishajazwa, kamueni hewa, sokoteni, kunjeni, fungeni kila mmoja peke yake. Msifungue wiki za mwanzo. Wekeni juu ya mbao, mbali na ukuta na panya.

Kwenye hesabu, mfuko wa 5,000 unaongeza shilingi 50 kwa kilo msimu wa kwanza. Kwa gharama yetu ya 480 inakuwa 530, kabla ya riba ya deni lolote linalosubiri. Uzeni Julai mahindi ya kulipa madeni na ada, hifadhini yanayobaki.

Mfadhili anataka idadi

*Tumefundisha wanawake 400. Mfadhili kafurahi. Mimi sina uhakika kama kuna kilichobadilika. Nipime nini?* – Mratibu wa mradi

Kila kikundi cha 25 chagua wanane kwa bahati nasibu baada ya Agosti, uwatembelee. Angalia daftari limejazwa hadi mauzo. Uliza gharama kwa kilo; akitaja bei ya kuuzia, somo halikuingia. Linganisha bei aliyouzia na bei ya soko ya siku ileile, na ya jirani asiyesoma, badala ya mwaka jana, kwani mvua hazifanani. Uliza fedha ilipokelewa na nani. Halafu rudi mwaka wa pili kwenye kikundi ambacho hakijatembelewa tangu hapo, uone kama bado wanaandika. Idadi ya wanaoandika bado itakuwa ndogo kuliko 400. Ndiyo ya kupangia bajeti.

Mzani gani?

*Tumechanga 200,000 za mzani. Tununue wa aina gani?* – Mweka hazina, Mvomero

Mzani wa kuning'iniza wa kilo 100 au zaidi, wenye stika ya Wakala wa Vipimo ya mwaka huu. Usio na stika mnunuzi atawakatalia, naye atakuwa na haki. Hakikini wenyewe kila asubuhi ya mauzo kabla gari halijafika: lita 20 za maji safi zilizopimwa ndani ya dumu ni kilo 20, ongeza uzito wa dumu tupu, ambao ni kama kilo moja, lipimeni tupu kwanza mjue. Pimeni na kiroba kitupu, uzito wake uzidishwe kwa idadi ya viroba na ukatwe mara moja kwa mzigo wote. Mti wa kuning'inizia uchaguliwe siku moja kabla, gunia lisiguse chini likisomwa. Na anayesoma namba kwa sauti asiwe yuleyule anayeandika.